Siku Moja Ndara: Tulipogeuka Kuwa Wageni



Sisi tunaoishi katika vichochoro vya Mji wa Kale wa Mombasa tumezoea kutazamwa. Kila msimu wa wageni huwaona watu wanane au kumi, wamevaa kofia za jua, wanamfuata kijana mmoja kutoka Ngomeni, akiwaeleza kwamba ngome ile ilianza kujengwa na Wareno mwaka 1593, na kwamba tangu 2011 imo katika orodha ya urithi wa dunia. Husimama mbele ya milango yetu ya nakshi, wakaipiga picha, wakawapiga picha na wazee walioketi barazani, kisha wakaenda zao. Mara nyingine masikio yetu hudaka maneno anayoyasema yule mwongozaji juu yetu, tukacheka. Na mara nyingine hatucheki.

Basi mwezi uliopita baadhi ya wazazi wa madrasa yetu walinijia na shauri. Walisema: "Mwalimu, watoto wetu wanajua kutazamwa, lakini hawajui kutazama. Tuwapeleke mahali pa historia, siku moja tu, tuende na kurudi." Tukashauriana, tukachagua Ndara. Msomaji asije akadhani ni mbali. Ndara ni jina ambalo wasafiri wa zamani waliuita mlima wa Sagalla, ule unaosimama kusini ya mji wa Voi, ambao kila aliyepata kwenda Nairobi ameuona upande wa kushoto akaupita bila kuuliza jina lake. Mimi mwenyewe nimeupita kwa zaidi ya miaka thelathini.

Tulikuwa watu kumi na wawili katika gari moja: mama watano, baba wawili, watoto wanne, na mimi. Katika wale mama alikuwamo Bi Mkubwa mmoja wa mtaani kwetu, mtu mzima aliyepita miaka sabini, ambaye nilishangaa alipotaka kuja. Nilimwambia mlima una mawe na njia ni ya kupanda. Akanijibu, "Mwalimu, nitapanda polepole." Sikuuliza zaidi.

Tuliondoka baada ya swala ya Alfajiri. Tukapita Mazeras na Mariakani, minazi ikapungua, kisha ikatuacha kabisa. Tulipofika Taru niliwaonyesha watoto ile nyika ya miiba na ardhi nyekundu, nikawaambia kwamba hapa ndipo wazee wetu wa misafara walipoogopa kuliko mahali pote pa njia. Hapakuwa na mto wala kisima. Palikuwa na mashimo ya miamba tu, yanayoshika maji ya mvua, na mvua isiponyesha mashimo hukauka. Mpagazi mwenye mzigo kichwani alitembea siku kadhaa akitazama mbele, akitafuta kuuona mlima wa Maungu, na nyuma yake Ndara, kwa sababu mlima ulikuwa maana yake maji. Mtoto mmoja alitazama chupa yake ya maji, akaifunga vizuri. Somo lilikuwa limemfikia.

Mackinnon Road tulisimama, kama wasimamavyo wasafiri wengi, katika msikiti ulio kando ya reli penye kaburi la Sayyid Baghali, mtu wa Punjab aliyekuja na wajenzi wa reli mwishoni mwa karne ya 19. Watu husimulia kwamba karai la zege alilobeba lilikuwa likielea juu ya kichwa chake bila kumgusa. Niliwaambia watoto, na nawaambia wasomaji: mema ya waja wema tunayataja, tunawaombea rehema, na haja zetu tunamwomba Mwenyezi Mungu peke Yake. Tukasoma Fatiha, tukanywa chai, tukaendelea.

Voi tuliingia saa tatu ya asubuhi. Mwongozaji wetu alikuwa kijana wa Kisagalla, mpole, mwenye Kiswahili safi chenye lafudhi ya milimani. Watoto hawakumpa nafasi ya salamu. Waliuliza kwanza habari za simba wa Tsavo. Akacheka, akasema wageni wote huanza hapo. Akawaeleza kwa ufupi jinsi simba wawili walivyowatisha wajenzi wa daraja la reli mwaka 1898 hata kazi ikasimama, na jinsi walivyouawa mwezi wa Desemba wa mwaka uo huo. Kisha akasema, "Sasa tuwatazame waliouawa na binadamu, maana hao ni wengi zaidi." Akatupeleka kwenye makaburi ya vita.

Ni uwanja mdogo, umefyekwa vizuri, mawe yamepangwa kwa safu. Agosti 1914 Wajerumani waliokuwa Tanganyika walivuka mpaka wakaitwaa Taveta, na Voi ikawa kambi ya nyuma ya jeshi la Waingereza. Mwaka 1915 wakaanza kutandika reli kutoka Voi kwenda Maktau, ielekee Taveta, ili kupeleka maji, chakula na risasi. Tarehe 12 Februari 1916 walishambulia kilima cha Salaita, karibu na Taveta, na askari wa Afrika Kusini wakarudishwa nyuma kwa hasara kubwa. Waliosimama imara siku ile wakazuia maangamizi yasizidi ni kikosi cha Baluchi namba 130 kutoka Bara Hindi, ambacho wengi wa askari wake walikuwa Waislamu. Inasimuliwa kwamba Wabaluchi waliokota bunduki ya mzinga iliyoachwa na wale wa Afrika Kusini, wakawarudishia pamoja na barua fupi ya adabu, wakiwaomba kuanzia siku hiyo wasiwaite tena makuli.

Wale baba wawili walifurahi sana kwa kisa hiki, na mimi pia nilifurahi, siwafichi. Lakini mama mmoja akauliza, "Na waliobeba mizigo wako wapi?" Kijana akasema kwamba wapagazi walikuwa wengi kuliko askari, wametolewa pwani na bara, na kwamba kikosi chao cha uchukuzi ndicho kilichotuachia lugha yetu neno Kariakoo. Walikufa kwa maelfu, zaidi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi, na wengi wao hawana kaburi linalojulikana wala jiwe lenye jina. Tukawaombea wote waliokufa katika Uislamu, wenye mawe na wasio na mawe.

Baada ya hapo tukaupanda mlima. Njia ni kali, gari likapanda kwa kunguruma, na kadiri tulivyopanda ndivyo joto la Voi lilivyobaki chini. Juu kuna ubaridi, migomba, mahindi, na vijito. Kijana alituambia kwamba katika udongo wa mlima huu huishi kiumbe mmoja mdogo, umbo lake kama nyungunyungu lakini ni wa jamii ya vyura, ambaye hajapatikana mahali pengine popote ulimwenguni. Wataalamu walimtangaza mwaka 2005. Subhanallah! Mola hakumsahau kiumbe yule chini ya udongo wa kilima kimoja, akampa riziki yake pale pale.

Mzee mmoja wa kike, Mkristo, jirani wa kijana wetu, alitukaribisha uani kwake chini ya mwembe. Alitutolea maji ya kutawadha kabla hatujaomba. Nilipotoa simu kutafuta kibla akasema, "Usihangaike, baba. Waislamu wa ukoo wetu wakija hapa huswali wameelekea kule, Voi." Nikatazama, kweli, kibla kilikuwa kaskazini, juu ya bonde lote la Tsavo, na mji na reli vikionekana chini kama vitu vya kuchezea. Tukaswali Adhuhuri na Alasiri, rakaa mbili mbili, kwa kuzikusanya.

Ni baada ya chakula ndipo jambo ninalotaka kuliandika lilipotokea.

Kijana alikuwa akitueleza historia ya njia ya misafara. Alitaja jinsi mmisionari Johannes Rebmann alivyopita nchi ya Taita mwaka 1848, mkononi ana mwavuli badala ya bunduki, na watu wake hawakufika hata kumi. Aliyewaongoza alikuwa mtu wa pwani, Bwana Kheri. Tarehe 11 Mei Rebmann aliona weupe juu ya kilele cha Kilimanjaro, akamwuliza mwongozaji wake ni kitu gani kile. Na yule, asiyekuwa na neno la theluji, akajibu tu kuwa ni baridi. Ulaya wataalamu walibisha kwa miaka mingi kwamba theluji haiwezi kuwepo chini ya jua la ikweta. Kumbe Bwana Kheri alikuwa amekwisha sema kweli kwa neno moja.

Hapo, ndugu zangu, nilimkata kauli kijana. Niliona fahari, nikataka watoto wasikie zaidi. Nikaanza kueleza jinsi wazee wetu walivyoifungua njia hii kabla ya Mzungu yeyote, walivyoleta nguo, shanga na nyaya, wakarudi na pembe, na walivyoleta lugha, ustaarabu na dini. Nilizungumza kama nizungumzavyo darasani. Kijana alinisubiri mpaka nikamaliza. Kisha akasema kwa upole, bila ukali hata kidogo:

"Ni kweli, Sheikh. Na watu pia walichukuliwa."

Nyumba nzima ikanyamaza. Mimi sikunyamaza. Nikaanza kusema kwamba biashara ile ilikuwa na wengi ndani yake, kwamba hata makabila ya bara yaliuzana, kwamba ulikuwa ni wakati wa njaa. Yote hayo yana ukweli ndani yake. Lakini nilikuwa nikiyasema kama mtu anayefunga mlango.

Bi Mkubwa, aliyekuwa ameketi mkekani akiwamenyea watoto machungwa, akasema, "Mwalimu, mwache mtoto aseme."

Nikanyamaza.

Kijana akaeleza. Katikati ya miaka ya 1880 ilikuja njaa kubwa ambayo Wataita waliipa jina, wakaiita Mwakisenge. Mvua zilikatika, watu wengi wakafa, wengine wakashuka kwenda pwani wakitafuta chakula. Mzazi aliyekuwa na watoto wanne na hana punje, aliweza kumtoa mmoja rehani kwa mwenye nafaka, akitumaini kumkomboa mvua zikirudi. Wako waliokombolewa. Wako ambao wazazi wao walikufa kabla. Na wako ambao aliyewapokea kwa rehani aliwapeleka mbali, asionekane tena.

Alipomaliza, Bi Mkubwa akafuta mikono yake kwa leso. Akasema: "Bibi yake mama yangu alitoka milima hii. Sijui kama ni mlima huu au ni mingine. Alishushwa Mombasa mdogo, meno ya utotoni hayajamalizika. Alitolewa kwa pishi za mahindi. Alikua, akasilimu, akaolewa, akazaa. Hakutaja hata siku moja jina la mlima wao, na nyumbani tulikatazwa kuuliza. Mimi nimekuja kupaona tu."

Nimeijua nyumba ya mama huyu kwa miaka thelathini. Wanawe na wajukuu wake nimewasomesha. Nimekaa mazikoni kwao na harusini kwao. Sikujua. Na sikujua kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nikisema daima, na katika maneno yangu hapakuwa na nafasi ya mtoto yule.

Mwenyeji wetu alimwuliza jina la ukoo. Bi Mkubwa akatikisa kichwa; hakuwa nalo. Basi hapakuwa na la kutafuta. Yule mzee wa Kisagalla hakusema maneno mengi. Aliingia ndani, akatoka na mkungu mdogo wa ndizi, akauweka mbele ya mgeni wake, akakaa karibu naye mkekani. Wakakaa hivyo wakitazama bonde, hata watoto wakaona haya kupiga kelele.

Ndugu zangu, nataka niseme kweli yangu. Katika madrasa tunafundisha kwamba kumwacha mtumwa huru ni katika ibada kubwa, kwamba ni kafara ya makosa kadhaa, na kwamba moja katika mafungu manane ya Zaka limewekwa kwa ajili hiyo. Tunafundisha kwamba Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alitangaza katika Hija yake ya kuaga kwamba Mwarabu hana ubora juu ya asiye Mwarabu ila kwa uchamungu. Tunafundisha, watoto wanahifadhi, wanapasi. Kisha tunatoka nje tunamwita mtu wa bara kwa jina la dharau, mbele ya watoto hao hao. Neno letu "ustaarabu" tunalitumia kama kwamba mlango wake uko Mombasa peke yake. Na siku ile niliketi juu ya mkeka niliotandikiwa na mtu ambaye wazee wangu pengine wangemwita mshenzi. Alikuwa amenipa maji ya udhu na amenionyesha kibla.

Sisemi tuwatukane wazee wetu. Wao wamekwisha kwenda na walichokichuma, na sisi tutaulizwa tulichokichuma sisi. Lakini kukumbuka nusu ya jambo ni namna ya kusahau, na mtoto anayefundishwa fahari bila haki hatajua kuomba radhi siku atakapokosea. Nilimwomba radhi yule kijana kwa kumkata kauli. Akasema, "Hapana neno, Sheikh, wageni wengi hawaulizi hata hilo." Jibu lake lilinizidishia haya.

Tulipokuwa tunashuka, alitupitisha kwenye mashamba ya chini ya mlima, yanayopakana na mbuga ya Tsavo Mashariki. Huko tembo huingia usiku, na kwa saa moja humaliza mahindi ya mwaka mzima. Watu wa Sagalla, wakishirikiana na watafiti, wamejifunza kuzungushia mashamba mizinga ya nyuki iliyotundikwa kwa waya kutoka nguzo hadi nguzo. Tembo akiusukuma waya, mizinga hutikisika, nyuki hutoka, naye huogopa akarudi. Shamba linapona, tembo hauawi, na asali huuzwa. Niliwakumbusha watoto Sura An-Nahl, ambamo Mola anataja kumfunulia nyuki afanye nyumba zake milimani, mitini na katika wanavyojenga watu. Waliona yote matatu kwa macho yao siku moja. Mama zetu walinunua asali, na vikapu vya mkonge vilivyosukwa na wanawake wa huko, na walisukumana kwa bei kwa furaha kubwa pande zote mbili.

Kwa familia zitakazotaka kufanya ziara ya namna hii, nina nasaha chache. Nendeni wachache, watu kumi husikia, watu hamsini hupiga kelele. Patanizeni malipo ya mwongozaji kabla ya kuondoka, na mlipeni bila kupunguza, kwani jasho lake ni haki yake. Kutoka Mombasa hadi Voi ni zaidi ya kilomita 150, na masafa ya marhala mbili katika madhehebu yetu ya Shafi hukadiriwa kuwa kilomita themanini na kitu. Kwa hiyo msafiri ana ruhusa ya kupunguza na kukusanya. Lakini anayeswali nyuma ya imamu mkazi hutimiza rakaa nne pamoja naye. Chukueni mikeka, maji na chakula chenu, na mama wavae viatu vya kupandia, si vya kwendea harusini. Msipige picha ya mtu wala nyumba yake bila idhini. Mkioneshwa mahali ambapo wenyeji hupaheshimu kwa ajili ya wazee wao waliotangulia, itikadi yao si yetu, lakini adabu ni yetu. Na la mwisho ninajinasihi mwenyewe kwanza: mwongozaji akisema, msikilizeni mpaka mwisho.

Tulirudi usiku. Watoto walilala mapema, kabla ya Maungu. Bi Mkubwa alikaa dirishani, mkungu wa ndizi mapajani, hakulala. Tulipomshusha mlangoni kwake nilitaka kusema neno, nikashindwa kulipata. Yeye ndiye aliyesema: "Mwalimu, Jumamosi ijayo njoo uwasomeshe wajukuu wangu habari hii. Lakini nami nitakuwapo."

Nilikwenda. Alizungumza yeye, na mimi nilikaa pamoja na watoto nikisikiliza.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awarehemu wote walioshuka na kupanda njia ile, aliyekwenda kwa hiari yake na aliyepelekwa. Awape watoto waliotengwa na wazazi wao makutano mema kwake, na sisi atujaalie ndimi zinazosema kweli na masikio yanayosikia. Amin.

Wabillahi tawfiq.